Mlaji Tusiyemwona

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wameyarudia tangu zama za kale, liko moja ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa dogo kwa sababu linahusu tumbo, nalo ni hili: mtu amepaswa kumtendea nini mlaji asiyemjua, ambaye hatamwona usoni maisha yake yote, na ambaye hana njia ya kumrudia na kumlaumu iwapo alichouziwa kimemdhuru? Zamani jawabu halikuwa na taabu, maana mwokaji na mlaji walikaa mtaa mmoja, na mwenye kughushi alikutana na aibu yake kisimani, sokoni na msibani. Leo, katika mji wa Kericho, ulioketi katikati ya mashamba ya chai, mtu huingia dukani akatoa katika jokofu pakiti ya chapati zilizosukumwa kwa mashine, zikapikwa nusu, zikagandishwa na kufungwa katika mji ambao yeye hajaukanyaga. Na barabara ipitayo mjini humo, itokayo Mombasa kwa njia ya Nairobi na Nakuru na kuteremka Kisumu hadi Busia, hupitisha usiku na mchana malori yaliyobeba shehena za Uganda na nchi nyingine zisizo na pwani, vyakula vilivyofungwa vikiwa miongoni mwake. Hivyo swali lililokuwa la mtaa limekuwa swali la mataifa, na wakaao karibu na njia hiyo, Kericho na Bomet, wana haki ya kulifikiri kuliko wengi.

Chukua pakiti moja uitazame kwa utuvu. Kwenye ubavu wake, kwa herufi ambazo mzee huhitaji miwani kuzisoma, imeandikwa kwamba ndani mna unga wa ngano, maji, mafuta ya mboga, sukari kidogo na chumvi, kila kimoja kikitajwa kwa mpango wa wingi wake, kisha likafuata jina la kalsiamu propionati, ambayo kazi yake ni kuzuia ukungu usiote. Chini yake uko uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ulikotoka mkate, namba ya fungu, siku ya mwisho wa matumizi, na agizo la kuhifadhi penye baridi. Sasa nenda Litein siku ya soko, usimame mbele ya kibanda cha mama apikaye chapati. Utamwona akimimina maji ya moto katika unga, akiukanda hata usishike tena vidoleni, akikata madonge na kuyafunika kwa kitambaa, kisha akisukuma donge moja moja juu ya kibao, akilipaka mafuta, akilikunja na kulisukuma tena, na kulitupa juu ya chuma mpaka madoa ya kahawia yatokeze. Ukitaka kujua unga umetoka wapi, utamwuliza, "Mama, unga huu ni wa wapi?" naye atakuonyesha mfuko. Macho yako ni shahidi wako, na ulimi wake ni dhamana yako. Katika pakiti macho hayana kazi, na dhamana iliyobaki ni yale maandishi tu. Kwa hiyo maandishi hayo si pambo wala si karaha ya kiserikali, bali ni kauli ya mtu asiyekuwapo akimwambia mtu asiyemwona, na kauli ni jambo ambalo dini zote zimeliwekea hesabu.

Haifai tudhani kwamba mkate wa mbali ni bidaa ya siku hizi. Kati ya mwaka 1896 na 1901, ilipojengwa reli ya kutoka Mombasa mpaka ziwani, waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab, na sehemu kubwa ya posho yao, unga na dengu na samli, ilikuja ikipakiwa melini na kufuata reli kila ilipofika. Reli ile ilipita kaskazini mwa nchi ya Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, kwa njia ya Londiani na Lumbwa, ambayo leo huitwa Kipkelion, na Fort Ternan, kabla ya kufika ziwani mwaka 1901. Mapishi ya mikate ya kusukuma, ambayo watu wa pwani walikuwa wameyazoea kwa biashara ya Bahari ya Hindi, yakapanda bara kwa miguu ya watu hao na ya wenye maduka waliowafuata, yakaingia katika nyumba ambazo chakula chao kilikuwa wimbi na maziwa, na leo hakuna harusi wala sikukuu huko Bomet isiyokuwa na sinia la chapati. Asiye na bandari alipata unga wake kwa fadhila ya bandari ya mwingine, na alipata mapishi yake kwa fadhila ya wageni.

Na katika mji huohuo wa Kericho liko hekalu kubwa la Masingasinga, mashuhuri kwa ajili ya Baba Puran Singh, aliyeishi hapo miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza, alikofariki mwaka 1983, na ambaye wafuasi wake mpaka leo humtaja kwa jina la mji huu. Ndani ya hekalu hilo, kama katika mahekalu yote ya dini iliyoasisiwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, kuna jiko liitwalo langar, ambamo mkate wa bapa ulio moto hutolewa pamoja na dengu kwa kila aingiaye, awe tajiri au maskini, wa dini ile au wa dini nyingine, wote wakiketi chini kwa usawa mmoja, na hakuna anayeulizwa jina wala anayedaiwa thamani. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini na kila aliyezoea kusema kwamba ghushi ya soko imeletwa na umbali, na kwamba watu wasiojuana hawawezi kutendeana haki. Wale wanaosukuma mikate katika langar hawamjui atakayekuja kuila; hawajui kama ni mchuma chai aliyetoka shambani au ni dereva wa lori aliyechoka na safari; hawataraji shukrani yake wala hawaogopi lawama yake; na juu ya hayo husafisha nafaka na kukanda unga kwa taadhima ileile, kwa kuwa kazi hiyo kwao ni ibada. Basi kutojuana si asili ya hiana. Umbali humpa mwenye hiana nafasi, lakini hiana yenyewe hutoka moyoni, na moyo uliofunzwa kumheshimu mlaji kabla ya kumwona hauhitaji kumwona ili umheshimu.

Dini zilizotangulia zilikwisha kulikata shauri hili, na zililikata katika soko la nafaka. Imepokewa katika hadithi sahihi zilizokusanywa na Imam Muslim kwamba Mtume Muhammad alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini ya nafaka kavu. Mwenye mali akatoa udhuru kuwa imenyeshewa na mvua, naye akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, akahukumu kwamba mwenye kughushi amejitenga naye. Tazama kwamba yule mtu hakulaumiwa kwa mvua, maana mvua ni ya Mungu, bali alilaumiwa kwa mpangilio wa chungu yake. Sheria ya Musa nayo, katika Kumbukumbu la Torati, ilikataza mtu asiwe na mawe mawili ya mizani ndani ya mfuko mmoja, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia, wala haikusubiri auze ndipo ahesabiwe kosa. Na wazee wa Kikipsigis, kabla ya misheni kufika Tenwek na Litein, walimwomba Asis, ambaye jua lilikuwa alama ya utukufu wake, na aliyeamini hivyo alijua ya kuwa hakuna ghala lililofungwa mbele ya mwenye kuona kila kitu. Kauli za pande hizi tatu, zilizokaa mbali mbali, zimekutana mahali pamoja: dhambi ya muuzaji huanza anapoupanga uficho, kabla mlaji hajatia tonge kinywani.

Ule unyevu wa chini ya chungu si kisa cha kale tu. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi yaliota ukungu utoao sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 wakajulikana kuwa wameugua, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na moto wa jikoni hauimalizi. Hapa ndipo hoja ya wale wasemao kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe inapovunjika kabisa, maana hadhari hutaka kitu cha kuhadhari nacho, na jicho la mama wa nyumbani, hata likiwa kali namna gani, halioni sehemu kumi katika sehemu elfu milioni, ambacho ndicho kiasi cha sumu hiyo ambacho sheria za Afrika Mashariki zimeamuru kisivukwe katika nafaka. Maadamu mlaji hawezi kuona, lazima pawe na amwoneaye. Na maadamu hawezi kutia mkono katika chungu, lazima pawe na mkono utakaotiwa kwa niaba yake.

Mkono huo ndio tunaouita sheria ya viwango. Kenya iliunda shirika lake la viwango mwaka 1974, na Uganda ina la kwake. Umoja wa Mataifa, kwa mashirika yake ya chakula na ya afya, uliweka mwaka 1963 tume ya kuandika kanuni za vyakula vya dunia nzima. Na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwa sheria ya mwaka 2006 kwamba alama ya ubora iliyotolewa kwa haki katika nchi moja itambuliwe katika nyingine, na chakula kilichopimwa Kenya kisipimwe upya Uganda kana kwamba watu wa upande huu ni waongo mpaka wathibitishe kinyume. Mkate utokao nje ya Jumuiya, tuseme Bara Hindi au Dubai, sharti ukaguliwe kule kule kabla ya kupakiwa na upewe hati; usipokuwa nayo hufika mpakani kama mgeni asiye na mwenyeji. Wafanyabiashara wengi huziona kanuni hizi kuwa ni miiba iliyotandazwa njiani. Mimi naziona kuwa ni amana iliyoandikwa, kwa sababu kila neno linalotakiwa kwenye pakiti linajibu haki moja ya mlaji: uzito ni haki yake ya kutopunjwa, viambato ni haki yake ya kujua kinachoingia mwilini mwake na kama dini yake yakiruhusu, tarehe ni haki yake ya kutodanganywa na wakati, na namba ya fungu ni haki yake kwamba likitokea kosa, mwenye kosa apatikane na wasio na kosa wasionewe.

Lakini mwanafalsafa atauliza, na ni haki yake kuuliza: je, mwuzaji asemaye kweli kwa kuogopa mkaguzi ana wema gani? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alitoa mfano wa mwenye duka asiyemzidishia bei hata mtoto mdogo, akaonyesha kwamba huenda mtu huyo anatenda haki kwa faida yake tu, na kitendo cha namna hiyo, ingawa ni sawa kwa nje, hakina uzito wa maadili. Waislamu wamelijua jambo hilo kwa jina la nia, nao hufundishwa kwamba amali hupimwa kwayo. Nakubali yote mawili. Lakini mlaji wa Kampala au wa Kigali hawezi kungoja mpaka nia ya mwokaji itakate. Sheria humlinda leo kwa tendo, na dini humtengeneza mwokaji wa kesho kwa nia, wala haifai kimoja kufukuza kingine. Hatari iliyo kubwa ni kudhani kwamba muhuri umemwondolea mtu wajibu. Mwenye kiwanda anayesema, "Nimepata alama, sasa sina deni," ameifanya dhamana kuwa pazia. Mkaguzi huja siku moja na kuchukua vipande vichache. Siku nyinginezo zote, na vipande vinginevyo vyote, viko mikononi mwa dhamiri peke yake.

Yako mashaka mengine yenye nguvu zaidi, nayo yanamhusu ashikaye lango. Nchi isiyo na bahari hula kwa ruhusa ya jirani, na mapatano ya sheria ya bahari ya mwaka 1982 yaliipa haki ya kuifikia bahari na kupitisha bidhaa zake. Lakini haki iliyoandikwa ni kitu kimoja, na lori lililosimama Busia, mzigo wake ukizidi kuharibika kwa jua, ni kitu kingine. Mwezi wa Machi mwaka 2021 wakuu wa Kenya walizuia kwa ghafula mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ile ya ukungu, na baada ya siku chache wakaufungua mlango kwa masharti ya usajili na hati za kupimwa. Sumu ilikuwa ya kweli, na waliokufa mwaka 2004 ni ushahidi usiokanushika. Lakini siku zile za zuio aliyekausha mahindi yake kwa uaminifu alirudishwa pamoja na aliyeyavuna mabichi, na hapo haki ilipungua, maana haki ni kupambanua. Mwenye lango ana amana mbili kwa wakati mmoja, asipitishe kinachodhuru, wala asizuie kisichodhuru, na akiutumia ukaguzi kumkinga mfanyabiashara wa kwao asishindane na wa jirani, basi amefanya ghushi ileile ya mwenye chungu, kwa kuwa juu ameweka afya ya watu na chini ameficha faida. Kiwango kisemacho kweli kumhusu mkate ni ibada. Kiwango kinachotumika kumwonea jirani ni uzushi uliovaa kanzu.

Wala tusimsahau mama wa Litein. Kanuni zikimlazimisha kulipa na kujaza hati kama kiwanda kikubwa, atafunga kibanda, na wenye nguvu watakuwa wamemtoa sokoni kwa jina la usafi. Uadilifu wataka mzigo ulingane na umbali: kadiri mwokaji anavyokuwa mbali na mlaji ndivyo inavyopasa aandike zaidi na kupimwa zaidi, na kadiri anavyokuwa karibu ndivyo macho ya mlaji yanavyotosha, pamoja na maji safi, cheti cha afya, na bwana afya mwenye insafu. Akikua hata chapati zake zikafungwa na kusafirishwa mpaka Kisumu au Busia, hapo naye ataingia katika hesabu ya wenye pakiti, na itafaa serikali imfundishe kabla ya kumtoza.

Nimesema watu wa Kericho na Bomet wana haki ya kulifikiri jambo hili kuliko wengi, na sababu yake ni hii. Tangu miaka ya 1920, mashamba makubwa yalipopandwa chai katika vilima hivi, riziki ya nchi hii imetegemea imani ya watu wasioijua. Mchuma chai wa hapa hukata majani mawili na kichipukizi, huyapeleka kituoni yakapimwa, na jioni hiyo huanza kunyaushwa kiwandani, Kapkoros au Mogogosiek, Litein au Momul. Kisha chai hutiwa katika mifuko yenye chapa ya kiwanda, daraja, namba ya fungu na uzito, na kuteremshwa Mombasa, ambako tangu mwaka 1969 huuzwa kwa mnada baada ya kuonjwa. Mnunuzi wake mkubwa ni Pakistani. Kwa hiyo mtu wa Lahore, anayeanza asubuhi yake kwa chai na mkate wa kusukuma, humeza kila siku kitu kilichochumwa na mkono asioujua, akitegemea maneno machache yaliyopigwa chapa juu ya mfuko. Na kama maneno hayo yangekuwa ya uongo, watoto wa Bomet wangekosa karo kabla mwaka haujaisha. Watu wanaokula kwa sababu wageni wamewaamini hawana ruhusa ya kuona kuwa ni usumbufu wanapotakiwa nao wawe waaminifu kwa wageni.

Basi hukumu yangu ni hii. Mlaji tusiyemwona ni mgeni wetu kamili, wala umbali haumpunguzii haki hata moja. Mwokaji imempasa aandike kwenye pakiti kile tu ambacho angeweza kukisema mbele ya uso wake. Mwenye lango imempasa azuie kwa dalili na apitishe bila kinyongo. Na serikali imepaswa kumlinda asiye na bandari kama inavyomlinda mwananchi wake, kwa sababu mdomo wa binadamu ni mmoja pande zote za mpaka. Nawe msomaji, utakaponunua pakiti, soma maandishi yake yote kabla ya kulipa, na ukiyakuta yamefutika, au tarehe imebandikwa juu ya tarehe, irudishe na umwambie mwenye duka sababu yake kwa sauti ya heshima. Na ukiwa wewe ndiwe muuzaji, iweke juu ile nafaka iliyolowa.